Kwa Mafundi wa Ngalawa za Majuro: Mwongozo wa Mgeni

Mtu wa Mafia, Kizimkazi au Lamu akifika Visiwa vya Marshall hahitaji kuelezwa ngalawa ni nini. Wanahistoria wengi wa bahari huamini kuwa matengo ya ngalawa zetu yana asili moja na yale ya Pasifiki: yaliletwa upande huu wa Bahari ya Hindi na mabaharia wa Kiaustronesia, watu wa jamii ileile iliyofika Madagaska. Lakini chombo atakachokiona Majuro kitamshangaza. Kina tengo moja tu, ubavu mmoja umejaa na mwingine umenyooka, na hakina tezi wala omo ya kudumu.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kwenda kuwatazama wanaoviunda vyombo hivyo. Shika jambo moja tangu mwanzo: huko ujuzi wa chombo na bahari una wenyewe, kama shamba lilivyo na mwenyewe. Mgeni anayebisha hodi huonyeshwa mengi kuliko anayetanguliza pochi.

Kwa nini Majuro

Visiwa vya Marshall ni nchi ya atoli 29 na visiwa 5 vilivyosimama pekee. Atoli ni pete ya visiwa vyembamba vya matumbawe iliyozunguka maji matulivu, yaani lagoni. Nchi kavu yote ni kama kilomita za mraba 180, na sensa ya 2021 ilihesabu watu wapatao 42,000, zaidi ya nusu yao wakiishi Majuro, makao makuu. Zamani hapakuwa na njia ya kutoka atoli moja kwenda nyingine ila kwa chombo cha tanga, ndiyo maana watu hawa waliunda vyombo ambavyo mabaharia wa Ulaya walivistaajabia kwa mbio zake.

Kisha mambo yakabadilika. Wajerumani walipotawala walizuia safari za mitumbwi baina ya atoli, na baada yao wakaja Wajapani, kuanzia 1914. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Marekani ilifanya majaribio 67 ya mabomu ya nyuklia katika atoli za Bikini na Enewetak, kati ya 1946 na 1958. Bomu la Bravo la tarehe 1 Machi 1954 liliwanyeshea watu wa atoli ya Rongelap vumbi la sumu, wakahamishwa kwao. Rongelap ndiko vijana walikokuwa wakifundishwa kusoma mawimbi ili waongoze vyombo. Watu walipotawanyika, mafunzo nayo yalikatika.

Majuro ni mahali pa kuanzia kwa sababu ndiko liliko shirika la Waan Aelõñ in Majel, ambalo wenyeji hulifupisha WAM. Kazi hii ilianza 1989 kama mradi wa kupima vyombo vya atoli mbalimbali na kuandika namna vinavyoundwa kabla wazee waliojua hawajaondoka. Mwaka 1992 chombo kikubwa kilichoundwa kwa mfano wa vile vya Enewetak kilipelekwa Rarotonga, kwenye Tamasha la Sanaa la Pasifiki. Baadaye WAM likawa chuo: huchukua vijana wasio na shule wala kazi, likawafundisha useremala, uundaji wa vyombo, Kiingereza, hesabu na maisha ya nidhamu. Banda lao liko ukingoni mwa lagoni, jirani na hoteli ya Marshall Islands Resort, na mkurugenzi wake, Alson Kelen, ni mtu anayejulikana kote Pasifiki katika mambo ya bahari.

Kufika

Usitarajie njia fupi. Ndege inayotumiwa na wengi ni ya United itokayo Honolulu kwenda Guam, ikitua kisiwa hadi kisiwa, na Majuro ndicho kituo chake cha kwanza. Ukiondoka Honolulu Jumatatu utafika Jumanne, kwa kuwa unavuka mstari wa tarehe. Kwa mwenye pasi ya Tanzania, Kenya au Uganda, kupita Honolulu au Guam kunahitaji viza ya Marekani, hata kama unabadili ndege tu. Njia ya pili ni ya Nauru Airlines kutoka Brisbane kupitia Nauru na Tarawa, nayo ina masharti ya viza ya Australia. Ratiba za pande zote mbili hubadilika, kwa hiyo usikate tiketi ya ndani ya Marshall kabla hujathibitisha ya kuingilia.

Uliza mapema kuhusu kibali cha kuingia Marshall kwenyewe, na usiache nyumbani kadi yako ya chanjo ya homa ya manjano. Fedha ni dola ya Marekani. Umeme ni wa volti 120 na plagi za Kimarekani, basi beba adapta. Saa za Majuro zinatangulia za Afrika Mashariki kwa saa tisa: kukiwa saa tatu asubuhi Dodoma, kule ni saa kumi na mbili jioni. Kumbuka hilo kabla ya kumpigia mwenyeji wako simu.

Joto ni lilelile mwaka mzima, kama nyuzi 27. Kinachobadilika ni upepo na mvua. Kuanzia Desemba hadi Aprili pepo za kaskazini-mashariki huvuma kwa nguvu na mvua hupungua. Ni msimu mzuri wa kutazama matanga, ingawa nje ya lagoni bahari huchafuka. Miezi mingine mvua ni nyingi na upepo ni mpole. Wiki ya mwisho ya Septemba ni ya utamaduni, na Ijumaa yake ni sikukuu ya taifa ya mila. Ukifika wakati huo utaona mengi, ila vyumba vya hoteli utavigombea.

Ukishafika, usafiri ni rahisi. Majuro ina barabara kuu moja inayofuata pete ya atoli kutoka Rita hadi Laura, karibu kilomita 50. Taksi ni za kuchangia: unapunga mkono, unaingia na wenzako, unashuka unapofika.

Hodi kabla ya safari

Waandikie WAM wiki kadhaa kabla ya kuondoka. Eleza wewe ni nani, unataka kuona nini, na kama utapiga picha au kuandika. Kumbuka kwamba unaomba kuingia chuoni siku ya masomo, wala usidhani umekata kiingilio cha maonyesho. Huenda siku utakayofika kuna gogo linachongwa, huenda vijana wako darasani na hesabu zao. Omba siku mbili au tatu badala ya moja, ili bahati ipate nafasi. Jumapili isahau, kwani watu wako kanisani na kazi zimesimama.

Mavazi yawe ya heshima. Wanawake wa Marshall hufunika mapaja na magoti, na mgeni wa kike akivaa kaptura fupi huwatia wenyeji haya hata kama hawatasema. Gauni refu au sketi ya kupita magoti inatosha, na leso kiunoni itakufaa utakapopanda chombo. Salamu ni "iọkwe", hutamkwa karibu na "yokwe", na shukrani ni "kommol tata". Ukipita mbele ya wazee walioketi, inama kidogo. Ukiletewa dafu au chakula, pokea. Hayo mtu wa pwani yetu hafundishwi.

Ila kuna jambo la kujifunza upya. Kwetu tumezoea kwamba ufukwe ni wa watu wote. Marshall kila kipande cha ardhi, pamoja na ufukwe na mwamba ulio mbele yake, kina ukoo unaokimiliki, na haki hupita upande wa mama. Juu ya familia kuna mkuu wa ukoo, na juu yake kuna machifu wanaoitwa iroij. Usikatize uwanja wa mtu kwenda kupiga picha mtumbwi ulioegeshwa. Simama barabarani, salimia, ngoja uitwe.

Namna ya kukitazama chombo

Ukishakaribishwa bandani, usikimbilie kuuliza. Zunguka chombo kimoja kwa utulivu na utafute mambo haya.

*Ukubwa.* Vyombo viko vya aina tatu. Korkor ni kidogo, cha kuvulia ndani ya lagoni. Tipnol ni cha wastani, kinatoka nje ya pete. Walap ndicho kikubwa, cha kuvuka bahari, na vya zamani vilibeba watu zaidi ya 40 pamoja na chakula chao. Vingi utakavyovikuta ni korkor, maana ndivyo wanafunzi huanzia.

*Mbao.* Mti wa asili ni mshelisheli. Gogo la chini huchongwa kwa tezo, na juu yake huongezwa mbao za kuinua ubavu. Kabla ya chuma kufika, bapa la tezo lilitengenezwa kwa kombe la chaza mkubwa. Siku hizi utaona pia plaiwudi na gundi ya epoksi, hasa kwenye vyombo vya mafunzo. Usikunje uso kwamba "si asili". Mshelisheli mkubwa ni chakula cha familia kabla haujawa gogo, na kwenye atoli yenye mchanga na chumvi miti haikui kwa pupa. Fundi anayetumia plaiwudi kuwafundisha vijana 20 amefanya hesabu ambayo wewe hukuifanya.

*Viungo.* Tazama mahali mbao zinapokutana. Kijadi hakuna msumari: matundu hutobolewa kila upande na mbao hushonwa kwa kamba za makumbi, kisha nyufa huzibwa kwa utomvu wa mshelisheli, ambao ndio kalafati yao. Kamba hiyo hutengenezwa kwa namna ambayo wanawake wa Paje na Jambiani wataitambua: makumbi hulowekwa kando ya bahari kwa wiki nyingi, hupondwa, nyuzi husafishwa na kukaushwa, kisha husokotwa kwa kiganja juu ya paja. Omba kushika kipande. Kivute. Utaelewa kwa nini kiungo cha kamba huachia kidogo wimbi linapopiga, wakati cha msumari hukaza mpaka ubao ukapasuka.

*Ubavu.* Simama mwisho mmoja wa chombo, funga jicho moja, na utazame urefu wake wote kama seremala anayepima mti. Utaona kimepinda. Upande wa tengo umejaa, na upande wa pili umenyooka karibu kama ukuta. Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Tengo lote liko upande mmoja, na likikokota maji hutaka kukizungusha chombo. Mkunjo wa ubavu husaidia kukirudisha njiani na kukizuia kisisukumwe sana demani. Fundi hana mchoro wa karatasi: kipimo kiko kwenye jicho lake na kwenye kamba anayoikunja mara mbili, mara nne, kupata sehemu za urefu wa chombo.

*Tengo.* Angalia jinsi lilivyoshikwa na boriti, nyingine zimenyooka na nyingine zimepinda, zote zikiwa zimefungwa kwa kamba. Kati ya tengo na chombo kuna jukwaa ambalo watu huketi na mizigo huwekwa. Tengo siku zote hukaa goshini, upande unakotoka upepo. Kama hukushika jingine lolote, lishike hili, maana ndilo litakalokufumbulia mengine yote utakapokuwa majini.

Maswali ya kuuliza na ya kuacha

Fundi hupenda kuulizwa kuhusu kile alichonacho mkononi. Kwa nini umeanza kuchonga hapa? Gogo hili lilikatwa na nani, na kwa ruhusa ya nani? Utajuaje kuwa unene umetosha? Nani alikufundisha? Swali hili la mwisho lina thamani kuliko yote, kwa sababu jibu lake ni ukoo na atoli, na hapo mazungumzo hufunguka yenyewe.

Usiulize "siri". Ujuzi wa kuongoza chombo kwa mawimbi ulikuwa mali ya koo maalumu chini ya iroij, na hakuna aliyeuonyesha hadharani. Hata mwenyeji hakuwa huru nao. Nahodha Korent Joel, aliyefundishwa na babu yake lakini hakumaliza mafunzo kwa sababu ya yale yaliyoipata Rongelap, alihitaji idhini ya chifu mkuu kabla ya kufanya mtihani wa safari mwaka 2006, na alipofaulu ndipo akahesabiwa kuwa ri-meto, mtu wa bahari. Ikiwa yeye aliomba ruhusa, mgeni wa siku tatu asidai kuelezwa. Fundi akikujibu "hilo silijui", huenda anajua. Pokea jibu na uendelee na jingine.

Njia nzuri ya kuanzisha mazungumzo ni kubeba picha za ngalawa zetu kwenye simu: moja ikiwa baharini, moja ya karibu inayoonyesha matengo yalivyofungwa, moja ya fundi akichonga mwembe. Ukiwaonyesha, uwe tayari kuulizwa maswali magumu. Kwa nini matengo mawili? Mnabisha vipi? Chombo hudumu miaka mingapi? Kama huyajui, waulize wavuvi wa kwenu kabla hujasafiri.

Kupanda chombo

WAM huwapeleka wageni kwenye lagoni kwa malipo, ukiomba kabla. Kubali. Vaa nguo zinazoweza kulowa, funga simu kwenye mfuko usiopenya maji, na ukae pale unapoambiwa. Uzito wako ni sehemu ya chombo: upepo ukikaza, watu husogea kuelekea kwenye tengo, ukilegea hurudi. Ukihama kwa kupenda kwako utalizamisha tengo au utaliinua.

Kisha ngoja wakati wa kugeuza. Sisi tukipiga bisho, chombo hugeuza omo na tanga likahamia upande mwingine. Kule haiwezekani, kwa sababu tengo lingeingia demani, tanga lingelemea mlingoti na chombo kingepinduka. Wanachofanya ni kulegeza tanga, kisha mtu huibeba pembe yake ya mbele pamoja na foromali na kutembea nayo juu ya chombo, kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Mlingoti huinama kumfuata, kafi la usukani huhamishwa, na chombo huanza kwenda kilikotoka bila kugeuka. Aliyesema "mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani" angekuwa na kazi hapo, kwa kuwa tezi imekuwa omo na omo imekuwa tezi. Mtazame anayebeba tanga: miguu yake haitafuti pa kukanyaga. Mabaharia waliozoea humaliza zoezi lote kabla chombo hakijapoteza mwendo wake.

Tanga lenyewe leo ni la turubai. La zamani lilisukwa kwa majani ya mkadi, na wasukaji walikuwa wanawake. Kisa wanachokisimulia kuhusu asili ya tanga ni cha mama aitwaye Loktañūr na wanawe walioshindana kupiga makasia kwenye atoli ya Ailinglaplap ili apatikane mfalme. Mama akiwa na mzigo mzito aliomba kubebwa. Tumur, mwana mkubwa, alikataa, na wadogo zake wakamfuata katika kukataa. Jebro, kitinda mimba, alimpakia. Mzigo ulikuwa tanga la kwanza, na Jebro akashinda. Jebro ndiye Kilimia angani, na Tumur ni ile nyota nyekundu ya kundi la Nge. Mmoja akichomoza mwingine huwa anatua, hawapatani hata leo.

Ramani za chelewa

Sokoni na hotelini utaona fremu za chelewa zilizofungwa pamoja, na makombe madogo ya baharini yamebandikwa hapa na pale. Ni ramani za mawimbi. Chelewa huonyesha jinsi mawimbi makuu yanavyopinda yakikutana na visiwa, na makombe huonyesha visiwa vyenyewe. Ile iitwayo mattang ni ya kufundishia kanuni tu. Meddo huonyesha sehemu ya visiwa, na rebbelib huonyesha kundi zima. Hazikubebwa safarini. Nahodha alizisoma nchi kavu, kisha baharini akalala kwenye chombo na kuyasikiliza mawimbi kwa mwili. Mwezi Juni 2015 wanasayansi walikifuata nyuma chombo kiitwacho Jitdam Kapeel, na Alson Kelen akiwa kiongozi wake, kutoka Majuro hadi Aur, zaidi ya kilomita 100, ili wapime kile ambacho mabaharia wanakihisi.

Ukinunua ramani, inunue kwa msukaji na umwombe akueleze anachotaka kukueleza. Jumba la makumbusho la Alele, Uliga, lina mambo hayo pia, ila uliza kwanza kama liko wazi.

Ukitaka kwenda mbali zaidi

Atoli inayosifika kwa matanga ni Ailuk, kaskazini, ambako watu bado hutumia vyombo hivi kila siku kwenda kuvua na kuchukua mbata. Hapo hutaona mafunzo, utaona maisha. Ndege za Air Marshall Islands huenda huko, lakini huahirishwa mara kwa mara, hivyo usiende ukiwa na wiki moja tu kabla ya ndege ya kurudi nyumbani. Ruhusa huombwa kwa serikali ya mtaa ya atoli, na WAM wanaweza kukuelekeza. Hakuna hoteli kama za Majuro. Beba chakula chako na cha kuwapa wenyeji: mchele, sukari, kahawa, ndoana na mishipi. Usibebe pombe. Usigawe pipi kwa watoto kama mwanasiasa.

Kununua, kupiga picha, kurudi

Mifano midogo ya vyombo ni kumbukumbu nzuri, lakini ukipitia Australia, mbao na majani hukaguliwa na yanaweza kuzuiliwa. Tangaza ulichobeba. Makombe ya chaza mkubwa yaache, biashara yake inabanwa na sheria za kimataifa.

Wengi wa vijana wa WAM wamefika pale baada ya kupitia magumu. Piga picha za mikono, tezo na mbao upendavyo baada ya kuruhusiwa bandani, lakini kila uso uombe kivyake. Mtu akikuambia jambo kuhusu mawimbi au kuhusu ukoo wake, muulize papo hapo kama linaweza kuandikwa, na akisema hapana, lifute mbele yake. Ukirudi nyumbani, watumie picha zote ulizopiga na maandishi yote uliyoyachapisha, hata kama ni ya Kiswahili. Bandani kuna wanaoweka kumbukumbu, na mgeni atakayekuja baada yako atapokewa kwa kadiri ulivyoondoka.